Sufuria Aliyoiogopa Marlys

Nilikula sahani mbili. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu watu wa bonde letu wakisimulia habari za Marlys Hostetter hupenda kuanza na woga wake, wakacheka kwanza ndipo waendelee. Mimi sina tena haki ya kumcheka mwoga yeyote, tangu Jumapili ile ya Aprili nilipokaa katika ukumbi wa kanisa letu na saladi ya maharage tumboni, nikijiuliza kama nitaiona Jumapili nyingine.

Lakini kweli ni kweli, Marlys alikuwa mwoga. Aliogopa radi, mbwa wa jirani, barafu barabarani, na simu inayolia kabla jua halijatoka. Akiendesha gari, matrekta yalimpita. Woga huo una mwanzo wake. Alipokuwa na miaka saba alikuwa amekaa jikoni kwa shangazi yake, sufuria ya presha iko motoni, na shangazi akaufungua mfuniko kabla mvuke haujaisha. Mfuniko uliruka ukatoboa dari, na mkono wa shangazi ukaungua kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Kelele ile Marlys hakuisahau. Alipoolewa na Galen, wanawake wa kanisani walimzawadia sufuria ya presha mpya, kubwa, ya kupikia chupa saba za kuhifadhia mboga kwa mpigo. Akasema asanteni sana, akaisukuma chini ya ngazi ikiwa bado ndani ya boksi. Ilikaa huko miaka kumi na miwili.

Galen huendesha lori la chakula cha ng'ombe, wiki mbili njiani, siku tatu nyumbani. Kwa hiyo mtu aliyeishi na Marlys hasa ni mama mkwe wake, Verna, mjane wa miaka sabini na minne, mwenye shamba, mwenye nyumba, na mwenye neno la mwisho.

Mtoto wao ni mmoja, Tirzah. Alipokuwa darasa la pili basi la shule liliteleza kwenye barafu likatumbukia mtaroni. Hakuna aliyevunjika hata ukucha, lakini kesho yake Marlys alimtoa mtoto shuleni, akaanza kumsomesha mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Kwetu hilo si ajabu, nusu ya watoto wa kanisani husomea nyumbani. Sheria ya jimbo inataka kitu kimoja: kabla Juni haijaisha, mzazi apeleke faili la kazi za mwaka mzima kwa mtu mwenye cheti cha ualimu, naye akague, azungumze na mtoto, aandike barua kwamba elimu imefanyika. Mtu huyo kwa familia tisa ni mimi. Nilifundisha sayansi miaka thelathini na minne, na yaliyostaafu ni magoti tu, ulimi bado uko kazini.

Februari, siku ya Jumanne, Marlys alinipigia simu.

"Bi Ardis, umelala?"

"Saa nne asubuhi nilale, mimi paka?"

"Tirzah amekataa sayansi."

"Amekataa vipi?"

"Yuko chini ya meza. Anasema afadhali akafagie banda la kuku. Bi Ardis, ikifika Juni faili halina kitu, si watamrudisha kwenye basi?"

Sauti yake ilitetemeka kana kwamba basi limeshapiga honi nje. Nikaenda. Nilimkuta mtoto wa miaka kumi amelala chali chini ya meza, miguu juu ya kiti, na juu ya meza kuna kitabu cha sayansi cha kujaza nafasi zilizo wazi. Mmea unahitaji maji, hewa na nafasi tupu. Nilisoma kurasa tatu, usingizi ukanipanda mimi mwenyewe.

Kilichonishangaza kilikuwa dirishani. Mwaka uliotangulia dirisha la jikoni lilijaa mafuvu ya panya, viota vya nyigu, kobe aliyekufa na mayai yaliyooza, vitu ambavyo Tirzah alikuwa akivichunguza. Sasa palikuwa peupe, pamepanguswa.

"Vitu vyake viko wapi?"

"Nilivitupa," Marlys akasema. "Vijidudu."

"Na bwawani haendi tena?"

"Barafu ni nyembamba."

"Moto?"

"Ataungua."

"Kisu je?"

Alisukuma droo ya visu ikafunga. Nami, Mungu anisamehe, sikumhurumia. Nikamwambia, "Marlys, sayansi hii umeing'oa meno, ukaikata makucha na mkia, halafu unashangaa mtoto haikimbizi. Nani atakimbiza gunia?"

Chini ya meza tukasikia kicheko kidogo.

Macho ya Marlys yalijaa machozi. Nikaona nimezidisha. Nikamuuliza kwa upole kidogo, "Humu jikoni kuna kitu gani ambacho hakikutishi?"

Alitazama rafu moja baada ya nyingine. Mwishowe akasema, "Kabichi."

Basi tukaanza na kabichi. Ilikuwa ile ya zambarau. Nilimpa Tirzah kisu, Marlys akageukia ukutani mpaka kisu kilipowekwa chini. Tukaichemsha, tukachuja maji yake yaliyokuwa na rangi ya wino, tukayamimina katika glasi tatu. Ya kwanza nikaacha hivyo hivyo. Ya pili mtoto akatia siki, maji yakageuka pinki mbele ya macho yake. Ya tatu akatia magadi ya kuokea, yakawa bluu kisha kijani.

Tirzah akasema neno moja tu. "Tena."

Tangu siku hiyo hakuna kitu kilichopona. Alipima mate ya ng'ombe, maji ya mvua, sabuni, maziwa, kahawa ya baba yake. Alitembea na kichupa cha maji ya kabichi kwenye mfuko wa koti, hata kanisani, akapima kahawa ya mchungaji, mwenyewe akiwa bado ameshika kikombe. Mimi nilimwazima kijitabu cha zamani cha mabwana shamba kuhusu kuhifadhi chakula, kwa sababu kina sura nzima ya vitu vichachu na visivyo vichachu. Nilimpa kama mtu anavyompa mtoto mfupa wa kuchezea. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Kwetu kila nyumba ina chumba cha chini, na kila chumba cha chini kina rafu za chupa. Mavuno ya Agosti huingia humo, hutoka Machi na Aprili. Nyumba ya Verna ilikuwa na matango ya siki, nyanya, pichi, na maharage machanga, yale yanayoliwa na maganda yake, chupa thelathini na nane. Maharage hayo aliyatengeneza Marlys, kwa njia ya Verna. Na njia ya Verna ni ya mama yake Verna: unajaza chupa maharage, maji na chumvi, unafunga, unazichemsha ndani ya pipa la maji nje ya nyumba kwa saa tatu nzima. Sufuria ya presha ya nini? Watu walikula hivyo miaka hamsini, hakuna aliyekufa, au kama alikufa waliandika kiharusi. Marlys aliipenda njia hiyo kwa sababu ilimwokoa na lile boksi chini ya ngazi.

Jumamosi ya mkesha wa chakula cha pamoja kanisani, Tirzah alishuka na glasi zake akapima rafu nzima. Matango yakawa pinki, nyanya pinki, pichi pinki. Maharage yakabaki zambarau, yaani si machachu. Akapanda juu, akafungua kijitabu changu, akasoma kwa kidole. Chakula kisicho kichachu kisihifadhiwe kwa maji ya kuchemka, hata yakichemka siku nzima. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka. Hulala ndani ya chupa iliyozibwa, pasipo hewa wala uchachu, huamka, hutengeneza sumu. Huenda sumu hiyo isiwe na harufu wala ladha yoyote. Dawa yake ni sufuria ya presha peke yake, ambayo joto lake hupita la maji yanayochemka.

"Mama," akauliza, "maharage yetu tuliyapika kwa sufuria gani?"

Marlys alinieleza baadaye kwamba aligeuka kutazama ngazi, mahali lilipo lile boksi. Verna alikuwa mezani, amefungua chupa tatu, anakatia kitunguu saladi ya kesho. Baridi, siki na sukari juu, haipiti motoni hata kidogo. Marlys akaiangalia saladi, akamwangalia mkwewe, akasema, "Nenda kaoge."

Usiku huo hakusema kitu. Asubuhi hakusema kitu. Alikuwa na hofu mbili, na ile ya Verna ilikuwa karibu zaidi.

Baada ya ibada tukapanga foleni. Bakuli la Verna huwa la kwanza kwisha kila mwaka, nami najua, kwa hiyo nilijisogeza mapema. Sahani ya kwanza nikala nimesimama. Nilikuwa nachota ya pili nilipomwona Tirzah anavuta mkono wa mama yake; maneno yao nilisimuliwa baadaye.

"Mama, watu wanakula."

"Nyamaza."

"Bi Ardis anachota tena. Mama, anachota tena!"

"Nimesema nyamaza, usimwaibishe bibi yako."

Mtoto akauachia mkono wa mama yake. Nilimwona uso. Nimefundisha watoto wengi, na uso ule naujua: ni uso wa mtoto anayefunga kitabu moyoni na hatakifungua tena. Nilidhani wanagombania keki. Nikaenda kuketi, nikamaliza sahani yangu.

Sijui kilichopita ndani ya Marlys katika dakika hizo. Nilichoona ni kwamba alitoka kwenye foleni, mweupe kama chaki, akalibeba bakuli kwa mikono miwili, akalikumbatia kifuani hata siki ikamwagikia gauni lake la Jumapili.

"Msile," akasema. Sauti haikutoka vizuri. Akarudia. "Msile maharage haya. Niliyatengeneza mimi. Hayakupikwa inavyotakiwa. Yanaweza kuua mtu."

Kijiko cha mtu kilianguka.

Verna aliinuka polepole. "Ala! Yanaweza kuua nani? Haya nimemlisha mume wangu miaka arobaini na moja."

"Mama, Tirzah amepima..."

"Nani amepima? Huyu msomi wa jikoni? Anayesoma chini ya meza?" Watu wachache wakacheka, kwa wasiwasi wa kutojua wacheke au la. "Haya, mjukuu wangu, lete hayo maji yako ya uchawi. Pima mbele za watu."

Tirzah akatoa kichupa mfukoni. Verna akachota kijiko cha saladi kwenye kikombe cheupe, mtoto akadondosha matone. Tukainama wote kutazama.

Pinki. Pinki kama chingamu ya mtoto.

"Enhe!" Verna akapiga meza. "Si ndiyo rangi yako ya usalama hiyo? Au leo imebadilika?"

Kicheko kikapasuka ukumbi mzima, kicheko cha watu waliotuliwa mzigo. Na mimi nilicheka. Mwalimu wa sayansi wa miaka thelathini na minne, nilishusha pumzi nikasema, kwa sauti, "Basi, Marlys, yameisha, weka bakuli chini." Hilo ndilo linaloniamsha asubuhi mpaka leo.

Tirzah hakucheka. Alikitazama kikombe, uso umekunjamana, halafu ukakunjuka.

"Bibi, siki umetia lini?"

"Jana jioni. Kwani?"

"Na chupa ilifungwa lini?"

Verna akakisukuma kikombe pembeni.

"Agosti," mtoto akasema. "Agosti mpaka jana hakukuwa na siki. Miezi minane. Kama sumu iliingia, iliingia zamani. Siki ya jana haiitoi. Mimi hapa nimepima siki tu."

Niliweka uma chini. Alikuwa sahihi, na mimi nilipaswa kuwa wa kwanza kulisema. Nikaanza kuhesabu waliokula.

Walikuwa kumi na wanne, mimi na Verna tukiwemo. Nilipiga simu ya wataalamu wa sumu kutoka ofisi ya mchungaji, nikaulizwa maswali, nikaambiwa hivi: huenda hakuna kitu, maana chupa moja huweza kuwa na sumu na nyingine ya rafu hiyo hiyo isiwe nayo. Subirini. Dalili huja baada ya nusu siku au hata siku kumi. Chunguzeni kope zikilegea, macho yakiona vitu viwili viwili, sauti ikikwama, maji yakishindwa kumezeka. Moja tu likitokea, kimbieni hospitali, na mseme mmekula nini. Niliporudi ukumbini kuwaeleza, hakuna aliyekuwa anakula chochote, hata keki. Tirzah alikuwa ameshafungua daftari, anaandika majina.

Mkuu asiposikia la mdogo sijui huvunjika nini. Verna alirudi nyumbani, akashuka chumba cha chini, akapanda na chupa nyingine ya maharage. Akaifungua jikoni mbele ya Marlys, akatia chumvi, akala kwa uma kutoka ndani ya chupa, baridi, amesimama, mpaka nusu.

"Tazama," akasema. "Umeniaibisha mbele ya kanisa zima kwa maneno ya mtoto. Tazama vizuri. Nimekufa?"

Marlys alitaka kumpokonya ile chupa. Aliniambia mkono wake uliinuka kabisa, ukafika hewani, ukarudi. Galen alikuwa njiani, kilomita elfu moja kutoka nyumbani. Nyumba ni ya Verna, na chupa ni ya Verna.

Jumatatu saa moja asubuhi simu yangu ililia.

"Bi Ardis, ni Tirzah. Simama mbele ya kioo. Fumba macho. Fumbua. Kope ziko sawa?"

"Ziko sawa, mama."

"Hesabu mpaka ishirini kwa sauti. Sasa meza maji nikusikie."

Nikameza maji kwenye simu kama mtoto anayenyweshwa dawa. "Unaogopa?" akaniuliza. Nikamwambia siogopi hata kidogo. Nilipokata simu nilirudi kwenye kioo, nikakaa hapo mpaka uji wa shayiri ukaungua. Kila nikipepesa naona jicho moja limechelewa. Kila nikimeza naona koo limebana. Niliandika wosia wangu nyuma ya bahasha, nikaona aibu, nikaichana, nikauandika tena.

Alipiga simu nyumba zote, jioni pia. Wazee waliokuwa wakimcheka walisubiri simu yake wakiwa wameshika glasi ya maji tayari. Na nyumbani kwake alimpima bibi yake, ambaye alikubali kwa kejeli, akitoa ulimi kumkomoa.

Jumanne asubuhi Verna alichelewa kuamka. Alipotoka chumbani alikaa mezani akasema hana njaa, usingizi haujamtoka. Tirzah akaja na daftari.

"Bibi, hesabu mpaka ishirini."

"Toka hapa."

"Hesabu, Bibi."

Verna akahesabu. Kufika kumi na moja sauti ilikuwa inatokea puani, kama ya mtu mwenye mafua. Tirzah akamwekea kidole kimoja mbele ya macho.

"Vidole vingapi?"

Verna akakunja jicho moja. "Usinichoshe," akasema.

"Vingapi, Bibi?"

"Viwili."

Mtoto akamgeukia mama yake. Na Verna, aliyekuwa na neno la mwisho siku zote, akajaribu kunywa kahawa, ikamrudi puani.

Gari la wagonjwa kwetu huchukua dakika arobaini kufika, na dakika arobaini nyingine kurudi. Marlys hakungoja. Aliuvuta ukutani ufunguo wa pikapu ya Galen iliyobaki nyumbani, gari ambalo hakuwahi kuligusa, wakampakia Verna, Tirzah nyuma ameushikilia mkono wa bibi na kumwinua kidevu ili apumue. Njia yote ya mlimani ina kona, na asubuhi ile ilikuwa na mvua. Aliniambia alikuwa analia na kuogopa kila kona, na mguu hakuuondoa kwenye mafuta. Matrekta aliyapita yeye.

Daktari wa zamu alimtazama Verna, mzee, uso umelegea, sauti imekwama, akasema ni kiharusi. Tirzah akamwekea daftari mkononi. Siku, saa, chakula, kope, macho, koo, jina la kijidudu limenakiliwa herufi kwa herufi kutoka kwenye kijitabu changu. Daktari alisoma amesimama, akarudia kusoma, halafu akaanza kukimbia. Dawa ya kuzuia sumu ililetwa kwa ndege kutoka mbali. Kabla haijafika Verna alishaacha kupumua mwenyewe, mashine ikawa inampumulia.

Sisi kumi na watatu hatukupatwa na kitu. Sumu ilikuwa kwenye chupa moja, ile aliyoila kwa hasira. Watu wa afya wa jimbo walikuja na glavu wakabeba chupa zilizobaki. Siku ya kumi nilimeza maji kwenye simu mara ya mwisho, Tirzah akasema, "Umemaliza, Bi Ardis," nikakaa chini sakafuni nikalia kama mtoto mchanga.

Verna alikaa kwenye mashine siku kumi na nane. Alirudi nyumbani mwisho wa Mei, mwembamba, anatembelea mkongojo, sauti yake imebaki robo. Sijasikia akiomba radhi, na sitarajii. Lakini wanasema asubuhi ya kwanza nyumbani alikaa mezani, akamwita mjukuu wake, akahesabu mpaka ishirini bila kuambiwa.

Juni ishirini na nne Marlys aliniletea faili. Alikaa kwenye kiti changu kama mshtakiwa, vidole vikichezea mkoba, akaniuliza kama karatasi za sayansi zinatosha, maana kile kitabu cha kujaza nafasi hawakukimaliza. Woga wake uko pale pale, msidhani umekwisha.

Nikafungua. Kulikuwa na michoro ya glasi za kabichi iliyopakwa rangi kwa mkono. Kulikuwa na jedwali la majina kumi na manne. Kwenye mstari wangu, Jumatatu: Macho sawa. Amemeza. Amesema haogopi. Si kweli. Kwenye mstari wa bibi, Jumanne: Anasema ni usingizi. Sikumwamini.

Nilitaka kusaini hapo hapo. Marlys akasema, kwa sauti ndogo, "Kuna moja nyuma. Ya juzi."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jedwali dogo, mwandiko umepinda kama ulioandikwa kwa haraka, karatasi ina matone ya maji.

Njegere, chupa saba. Sufuria ya presha, mara ya kwanza.
Dakika arobaini.
Bibi amekaa mlangoni.
Mvuke unapiga kelele sana.
Mama anaogopa: ndiyo.
Mama ametoka jikoni: hapana.